Kusomea tiba ya michezo: anachopaswa kukijua kijana wa Visiwani

Vijana wa Unguja na Pemba wanaoniuliza habari za kusomea tiba ya michezo huanza na swali la ajira. Si swali baya, lakini mimi hupenda kwanza waelewe ni kazi gani hasa wanayoitaka, kwa sababu chini ya jina hilo moja zimo taaluma zisizofanana. Daktari wa michezo ni daktari kamili aliyemaliza shahada ya udaktari kisha akabobea. Mtaalamu wa tiba ya viungo, ambayo ndiyo njia niliyoipitia mimi, hushughulika zaidi na mchezaji aliyekwisha kuumia mpaka arudi uwanjani. Nchini Marekani iko taaluma ya tatu, ya mtaalamu wa afya anayekuwa na timu mazoezini na kwenye mechi, akizuia majeraha, akitoa huduma ya kwanza na kufuatilia matibabu. Huko, tangu 2022, vyuo haviandikishi tena wanafunzi wapya wa fani hiyo katika shahada ya kwanza, bali katika uzamili. Kwetu kazi hiyo ya tatu mara nyingi huachiwa mchua misuli, mtu mwenye mikono mizuri na moyo wa kujitolea, ambaye hakuna aliyejishughulisha kumpeleka darasani. Naliona hilo kuwa pengo kubwa katika michezo yetu.

Anayetaka kuliziba aanze na fizikia, kemia na baiolojia tangu skuli. Udaktari unafundishwa hapa hapa SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, tiba ya viungo inasomeshwa katika chuo cha hospitali ya KCMC mjini Moshi, na wapo wanaoendelea hadi uzamili wa tiba ya michezo katika vyuo kama Chuo Kikuu cha Cape Town.

Darasani mwanafunzi hukutana kwanza na anatomia, na wengi huiona kavu. Faida yake huonekana siku mchezaji anapoteguka kifundo cha mguu. Mguu umevimba, kocha anataka jibu, na jamaa wamekwisha kuleta mafuta ya karafuu wakitaka aanze kukandwa. Kabla ya yote hayo lazima ijulikane kama mfupa umevunjika. Madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa mwaka 1992 kanuni ambazo hadi leo tunazitumia, nazo zinataka vidole vinavyojua vinagusa nini. Unabonyeza ukingo wa nyuma wa kila kimoja cha vinundu viwili vya kifundo, cha ndani na cha nje, kuanzia ncha yake ya chini na kupanda sentimita 6. Kisha unabonyeza mfupa unaotokeza ubavuni mwa unyayo upande wa kidole kidogo, na ule ulio juu ya upinde wa unyayo upande wa ndani. Mwisho unamtaka atembee hatua 4. Akiumia mfupa unapobonyezwa katika sehemu hizo, au akiwa hakuweza kutembea tangu alipoumia na bado hawezi, apelekwe akapigwe picha. Asipokuwa na dalili hizo, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana. Kwa mchezaji wa Kojani au Tumbatu, ambaye safari yake ya kwenda hospitali kubwa huanzia kwenye mashua, uchunguzi huo wa dakika chache una thamani ambayo mtu wa mjini huenda asiione upesi.

Somo la pili ninalolisisitiza ni joto. Wakati wa kaskazi hewa yetu huwa na unyevu mwingi kiasi kwamba jasho hutiririka bila ya kukauka, na jasho lisilokauka haliupozi mwili. Mchezaji aliyechanganyikiwa au kuanguka, huku joto la ndani ya mwili wake limepita nyuzi 40, yumo hatarini kufa, na kipimo cha kutegemewa hapo ni cha njia ya haja kubwa, si cha kwapani wala cha paji la uso. Huyu hupozwa kwanza ndipo asafirishwe: azamishwe kwenye maji ya barafu mpaka shingoni, kichwa kikishikiliwa juu. Pipa kubwa lililokatwa linatosha, na barafu tunaipata madikoni inakouzwa kwa ajili ya samaki. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu haraka ya kumpakia mgonjwa garini, ijapokuwa inatokana na huruma, hupoteza dakika zinazohitajika.

Kuhusu kinga, mwanafunzi ataifahamu ratiba ya FIFA 11+, ya kupasha misuli moto kwa takriban dakika 20, yenye mazoezi ya nyama za paja, mizani na namna ya kutua baada ya kuruka. Utafiti wa Norway uliochapishwa 2008 uliwahusisha wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17, na walioifuata waliumia pungufu kwa karibu theluthi moja. Haihitaji mashine yoyote, ila kocha anayekubali kutoa muda huo.

Anayesubiri kujiunga na chuo anaweza kuanza leo katika timu ya mtaa wake, kwa ruhusa ya wachezaji, kwa kuweka daftari la majeraha. Aandike tarehe, kiungo kilichoumia, dakika ya mchezo, kama palikuwa na kugongana, uwanja ulikuwa wa mchanga, majani au nyasi bandia, na siku ngapi mchezaji alikaa nje. Msimu mmoja ukiandikwa hivyo, kocha atakuwa na la kusoma kabla ya kupanga mazoezi ya msimu ujao.