Silikanti, Adamu na adabu ya kubishana

Katika kazi yangu ya bayolojia ya bahari hapa Tanga, hakuna samaki anayenigombanisha na watu kama silikanti. Papa hana neno, pweza hana neno. Mtaje silikanti barazani Ngamiani au kwenye semina ya walimu, na kabla kahawa haijapoa mmoja ameshafika kwa Adamu, mwenzake ameshafika kwa Darwin na mageuko yake, kwamba viumbe hubadilika kizazi hata kizazi, na samaki mwenyewe kasahauliwa.

Chanzo chake kinajulikana. Visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, vya jamii hii vinaanzia karibu miaka milioni 400 iliyopita, halafu vinakatika kwenye miaka milioni 66 hivi, zama zile zile dinosaria walipotoweka. Wataalamu wakamhesabu na marehemu. Desemba 1938 akavuliwa Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London akamwona kwenye rundo la samaki, na mtaalamu wa samaki J.L.B. Smith akampa jina Latimeria chalumnae. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952, ambako wavuvi walikuwa wakimjua siku zote. Tanzania alianza kuandikwa mwaka 2003, na kwetu Tanga akanaswa kwenye majarife mara nyingi kiasi kwamba mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti.

Basi hoja ya upande mmoja huja hivi: "Mliapa kafa, na huyu hapa. Kama hili mmekosea, la mtu na nyani kuwa ukoo mmoja mtalipatia wapi?" Mimi siioni kuwa hoja ya kijinga. Inastahili jibu, na jibu lipo. Kisukuku ni mnyama aliyeangukia mahali pazuri, akafunikwa na tope, tope likawa jiwe, na jiwe hilo likaja kufikiwa na mtu mwenye nyundo. Samaki anayekaa kwenye mapango ya miamba, chini sana kwenye miteremko mikali ya bahari, nafasi hiyo haipati kwa urahisi. Tena huyu wetu si yule wa kwenye mawe. Jamaa zake wa kale walikuwa na maumbo na ukubwa mbalimbali, na wengine waliishi maji baridi. Kilichoonekana kuwa kimekwisha ni ukoo, na ukoo una matawi.

Upande wa pili nao una lake, na hili wasomi wenzangu hawapendi nikilisema hadharani. Kwa miaka mingi tumewaambia wanafunzi kwamba silikanti ndiye babu aliyetaka kutoka majini kwa miguu. Mwaka 2013 jinomu yake, yaani maandishi yote ya urithi wake, ikasomwa, ikaonekana kwamba aliye karibu zaidi na wanyama wa nchi kavu ni kamongo. Ndiyo, kamongo huyu huyu wa Ziwa Victoria anayechomwa Mwanza. Hata hivyo utamsikia kijana wa shahada akimwambia mwalimu wa madrasa, kwa sauti ya dharau, habari za babu yule. Anatetea sayansi kwa jambo ambalo sayansi imeshalirekebisha.

Nimeshuhudia semina ikivunjika namna hiyo. Ustadhi aliuliza swali lake kwa utaratibu, kijana akacheka, akasema hayo ni mambo ya kuwasimulia watoto. Ustadhi hakujibu. Waliojibu ni wavuvi wa Sahare waliokaa nyuma: mmoja akainuka, akafuatwa na wenzake, wakaenda zao. Wengine waliona kijana ameshinda. Mimi nilihesabu hasara. Tunayoyajua juu ya silikanti wa Tanga, kwamba ananaswa kina kipi, saa ngapi, kwenye jarife la matundu gani, mengi yametoka vinywani mwa watu wale. Mtu anayetupa jarife kwa Bismillahi, ukiicheka Bismillahi yake, siku akimpata samaki wako atamrudisha majini amekufa na hakuambii. Na ana haki.

Kinyume chake nacho kipo, nisije nikaonekana naegemea. Kuna wanaosikia "miaka milioni 400" wakakwambia umekufuru. Hapo sinyamazi. Namwomba, kwa heshima yake, hukumu ya imani yangu amwachie Mola, yeye aniulize miaka hiyo tumeihesabuje. Akiuliza, nina la kumweleza: urani iliyomo kwenye baadhi ya mawe huoza polepole ikawa madini ya risasi, na aina moja ya urani hubaki nusu yake baada ya miaka kama bilioni 4.5, kwa hiyo ukipima kilichobaki na kilichozaliwa unapata umri wa jiwe. Anaweza kuukataa mlolongo huo, lakini aniambie anaukatia wapi. Kwa upande wangu mageuko yana ushahidi mzito na sitayapunguza makali ili nipewe kahawa ya pili.

Kuna jambo lingine linalochochea ukali huu. Mtoto wa hapa hufundishwa dini kwa Kiswahili tangu hajajua kufunga kandambili. Mageuko anakutana nayo kidato cha nne, kwa Kiingereza, kwa ajili ya mtihani. Hajapata kuyasikia yakijadiliwa kwa lugha anayobishania. Mjadala ukipamba moto anakimbilia Kiingereza, na wazee wanayachukua kuwa majivuno. Si majivuno kila mara. Mara nyingine hana namna nyingine ya kuyasema.

Kwa Wakristo wanaodhani lazima wachague, mfano wangu ni Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka, na baadaye akapendekeza kuwa ulianzia kwenye hali ndogo iliyosongamana mno. Mwaka 1951 Papa Pius XII akaisifia nadharia ya namna hiyo kana kwamba inathibitisha uumbaji. Wa kwanza kutofurahi alikuwa Lemaître mwenyewe: alishikilia kuwa nadharia yake haiingii kabisa kwenye maswali ya dini. Galileo, mwanasayansi aliyehukumiwa na Kanisa, simtaji siku hizi, maana kila mtu anamtumia kama rungu.

Nikiitwa kuzungumza sasa, sianzi na nadharia. Natoa gamba. Gamba la silikanti ni gumu, ukilipapasa linakwaruza vidole. Nalipitisha mkono kwa mkono pamoja na kioo cha kukuzia, waione michirizi yake. Zamani watafiti waliihesabu ile minene wakasema samaki huyu anaishi kama miaka 20. Mwaka 2021 timu ya Ufaransa ikatumia hadubini ya mwanga maalumu, ikaona michirizi myembamba katikati ya minene, na hesabu ikapanda hadi karibu miaka 100, mimba peke yake miaka mitano hivi. Wakati huo vichwa vimeinamiana, kofia na ushungi na tai, kila mmoja anataka kioo kimfikie. Swali linalozunguka ni moja: wamejuaje? Likishazoeleka kwa gamba, hata lile la Adamu linaulizwa kwa sauti ya chini zaidi.

Mara ya mwisho ilikuwa Kigombe, na swali la mwisho lilitoka kwa mzee mmoja mvuvi: "Ni halali kumla?" Nikamgeukia ustadhi aliyekuwepo, hilo ni lake. Akasema samaki wa baharini ni halali, hana shaka. Mimi nikaongeza kwamba nyama yake ina mafuta yatakayokuharisha usiku kucha, na kwamba yumo kwenye orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, biashara yake imepigwa marufuku kimataifa. Mzee akatutazama wote wawili. "Kumbe ni halali," akasema, "ila nyinyi mnamtaka mzima."