Ukitafuta mtoto baada ya miaka 35, usipoteze miezi

Kliniki za wanawake hapa Kisumu hupokea akina mama kutoka Siaya, Vihiga hadi Busia, na siku hizi malalamiko yanafanana. Dada ana miaka 39, ametafuta mtoto muda mrefu, na pesa zimeishia kwa vidonge vya "kusafisha kizazi" alivyoagiza WhatsApp. Kizazi hakisuguliwi kama sufuria. Hilo tuliseme mara moja, tuendelee.

Aliye chini ya miaka 35 anaweza kujaribu mwaka mzima kabla ya kumwona daktari. Ukifika 35, ni miezi 6. Ukifika 40, usingoje. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote. Hayaongezwi na chai wala manyasi (dawa za mitishamba) ya soko la Kibuye, na umri unavyosonga yanapungua, tena mengi ya yanayobaki huwa na kasoro za kromosomu (vibeba urithi). Kupata hedhi kila mwezi si ushahidi kwamba mayai bado ni mazuri. Kipimo cha damu cha homoni ya AMH huonyesha akiba ya mayai, si ubora wake, kwa hivyo majibu mazuri yasikufanye uahirishe mwaka mwingine.

Sasa mzee. Katika karibu nusu ya wanandoa wanaokosa mtoto, upande wa mume una mchango, peke yake au pamoja na wa mke. Bado tunaona mama amepigwa picha ya mirija ya uzazi mara mbili huku bwana hajapimwa kamwe, ati "ana watoto wengine". Watoto wa 2009 si cheti cha mbegu za leo. Utaratibu wa kupima mbegu ni huu: akae siku 2 hadi 7 bila kumwaga mbegu, si pungufu, si zaidi. Atumie kikopo cha maabara, si kondomu ya kawaida, kwa kuwa vilainishi vyake hudhuru mbegu. Akitolea nyumbani, kikopo kifike maabara ndani ya saa moja, kikiwa mfukoni karibu na mwili, si kwenye barafu. Anayetoka Ahero kwa matatu inayosubiri kujaza abiria, ni heri atolee hospitalini. Aandike saa aliyotoa, na kikimwagika hata kidogo aseme, kwa maana sehemu ya kwanza ndiyo yenye mbegu nyingi.

Matibabu hufuata sababu. Dawa ya Clomid husaidia yai kukomaa na kutoka kwa mwanamke asiyelitoa ipasavyo. Haizibui mirija iliyozibwa na klamidia (ugonjwa wa zinaa) ya zamani, wala hairudishi ujana wa mayai. Msiinunue dukani bila daktari. Mirija ikiwa wazi, mbegu zilizosafishwa zinaweza kuingizwa kwenye mji wa mimba. Ikiwa imeziba, au muda umebana, kuna IVF: sindano za kukuza mayai kwa takriban siku 10 hadi 12, mayai yavutwe kwa sindano ukiwa umepewa usingizi, yarutubishwe maabara, kiinitete (yai lililorutubishwa) kirudishwe siku ya 3 hadi ya 5, kisha mngoje kama wiki mbili kupima. Gharama hufika laki kadhaa kwa mzunguko mmoja, na si hakikisho. Kwa mayai yako mwenyewe, nafasi hushuka sana baada ya 40, na kufikia 44 huwa ndogo mno. Yai la mfadhili, yaani mwanamke kijana anayelitoa, hubadilisha hesabu hiyo. Wengi mnaowasikia wamejifungua wakiwa na miaka 50 walitumia yai la namna hiyo, na hawalazimiki kuwaeleza. Kabla ya kukubali, idhini iwe ya maandishi, imetiwa sahihi na wote wawili, na nakala mbaki nayo.

Kuna wanaochoka njiani wakaahidiwa mtoto wa haraka "kutoka hospitali". Huo ni ulanguzi. Chini ya sheria ya kupambana na ulanguzi wa binadamu ya 2010, adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Kuasili mtoto kihalali kupo, chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, na huishia kwa amri ya mahakama, si kwa risiti ya M-Pesa.

Mkija, njooni wawili. Anza asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku kuanzia sasa. Bebeni karatasi zote za awali, hata za kliniki iliyowaudhi, pamoja na tarehe za hedhi zako tatu za mwisho. Picha ya mirija hupigwa baada ya damu kukatika, kabla yai halijatoka. Ukija siku ya 20 ya mzunguko, utarudishwa nyumbani ungoje mwezi mwingine.