Usikwangue lile povu ukutani, ni mayai ya vunjajungu

Mwezi wa kumi mwaka jana bibi jirani yetu hapa Ng'ambo, Tabora mjini, alimtuma mjukuu wake aje aniite saa moja asubuhi, fundi rangi alishaanza kukwangua ukuta na kuna kitu bibi alikuwa amemkataza asikiguse. Nikaenda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Hebu njoo uone hiki kidude, fundi anasema ni rangi ya zamani imevimba, mi nikamwambia rangi haivimbi hivyo."

Kilikuwa kwenye nguzo ya baraza, usawa wa kifua, rangi ya kaki, kimenona kuzidi kokwa ya tende kidogo, ukikibonyeza kwa kidole unasikia kama sponji iliyokaukia juani. Nikamwambia bibi haya ni mayai ya vunjajungu. Akaguna tu, "Kumbe!" Fundi akashusha kikwangulio.

Kazi yangu ni wadudu, ndo nilichosomea, na simu ninazopigiwa kuhusu vunjajungu zote zinafanana: ana sumu? anang'ata? mtoto kamshika tufanyeje? Kuhusu mayai haniulizi mtu, na mayai ndo tunayoyateketeza kwa wingi bila kujua, tukikwangua kuta, tukipogoa minyaa na kuchoma matawi, tukibadilisha mabua ya uzio. Ndo maana naandika leo.

Majibu ya haraka kwanza ili tuyamalize. Hana sumu. Hana mwiba wa kuchomea na hatemi kitu chochote. Ukimkamata vibaya atakubana na ile miguu ya mbele yenye miiba kama meno ya msumeno, utashtuka, pengine katone ka damu katatoka, osha na sabuni imeisha hiyo. Kuku akimla hadhuriki, paka hali kadhalika.

Sasa mayai. Jike akishakuwa tayari anatafuta kijiti, mgongo wa mti au nguzo kama ile ya bibi, mara nyingi anageuka kichwa chini, anaanza kutoa ute kwenye ncha ya tumbo huku anauchapachapa mpaka unaumuka kama mtu anayepiga mayai ya keki, na humo humo ndani ya povu anayapanga mayai safu kwa safu, haangalii anachofanya, tumbo lenyewe linapapasa na kujua pa kuweka. Kazi inaweza kumchukua masaa. Akiondoka lile povu limeshaanza kukauka, linakuwa ganda gumu linalokinga mayai na jua la kwetu hili ambalo wote mnalijua. Kwa hawa wakubwa wa kijani ganda moja linaweza kubeba mayai zaidi ya 100, kwa hiyo fundi akipitisha chuma mara moja tu, yaani sekunde mbili, ukoo mzima umeishia kwenye vumbi la rangi.

Watu wengi wanadhani ni ndugu yake panzi, kisa umbo. Hapana. Ukoo wake wa karibu ni mende na mchwa, ndo hao hao, wanasayansi wanawaweka kundi moja. Duniani kuna aina zipatazo 2,400. Huku kwetu anayeonekana sana majumbani ni yule mkubwa wa kijani, kitaalamu Sphodromantis, mwangalie kwenye mabawa ya juu utaona kidoa cheupe kila upande. Wapo pia wa kahawia wanaofanana na kijiti mpaka unaweza kumshika ukidhani unavunja kuni. Halafu mwisho wa kiangazi, miombo ikishapigwa moto, wanaonekana weusi kabisa kama mkaa, na hapo ndo watu wanaogopa, nimeshaletewa mmoja ndani ya kopo na mtu anauliza kama katumwa. Hajatumwa. Anapojivua ngozi ile mpya inaweza kutoka nyeusi ili afanane na ardhi iliyoungua, ndege asimwone.

Jina lenyewe la vunjajungu limetokana na imani ya wazee kwamba ukimgusa, chungu utakachoshika baada ya hapo kitavunjika. (Wengine mnalijua neno hili kwa ile karamu ya mwisho wa Shaabani kabla ya mfungo, hiyo ni habari nyingine.) Mimi imani hii naiheshimu sana, kwa sababu ilikuwa inamlinda mdudu: mtoto anayeogopa kuvunja chungu cha mama yake anamwangalia kwa mbali anaondoka zake. Siku hizi jikoni ni sufuria na ndoo za plastiki, hakuna cha kuvunjika, na watoto naona wanampiga na kandambili.

Ukitaka kumwelewa subiri mvua za kwanza. Mwezi wa kumi na moja mvua ikinyesha jioni, kumbikumbi wanajaa kwenye taa ya baraza, na vunjajungu wanafuata, wengi wao madume maana madume ni wembamba na wanaruka vizuri usiku, jike akishanona mayai tumbo linamlemea. Mwaka jana nilikaa kwenye stuli nikamwangalia mmoja ukutani chini ya balbu kwa karibu saa nzima. Anatulia, anayumba kidogo mbele nyuma kama jani lenye upepo, kumbikumbi anapita, na kabla hujajua kimetokea nini tayari yuko mikononi, ule mshiko unachukua kama sehemu moja ya 20 ya sekunde. Anaanzia shingoni. Anatafuna taratibu kama mtu anayekula muhindi wa kuchoma, mabawa yanadondoka moja moja, yote manne, akimaliza anaipitisha miguu ya mbele mdomoni kuisafisha mwiba kwa mwiba halafu ndo anageuza kichwa kunitazama. Kichwa kinageuka kweli kweli, kwa wadudu hilo ni jambo la nadra.

Na kile kinukta cheusi jichoni kinachokufuata kila unakohama si mboni. Jicho lake limejengwa kwa vijicho vidogo vidogo vingi, vile vinavyoelekea kwako moja kwa moja vinameza mwanga ndo maana sehemu hiyo inaonekana nyeusi, ukisogea vinakuwa vingine. Uwezo wake wa kupima umbali ni wa ajabu, mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walionyesha kwamba anaona kwa kina, yaani anajua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali, walimvalisha kimiwani kidogo cha rangi mbili wakamwonyesha sinema ya mdudu kwenye skrini, na kimiwani hicho walikibandika kwa nta ya nyuki. Nta! Niliposoma hilo nikafikiria wafuga nyuki wetu wa huku. Ana na sikio pia, moja tu, liko chini ya kifua katikati, na kwa aina nyingi kazi yake kubwa ni kusikia zile sauti za popo ambazo sisi hatuzisikii. Akizisikia angani anajibwaga chini.

Kuhusu jike kumla dume, inatokea lakini si kila mara, njaa inachangia sana. Tuendelee.

Bustanini sasa, na hapa naomba nieleweke. Sisemi vunjajungu atakumalizia viwavijeshi kwenye mahindi, hawezi, na hachagui, anakula nondo na viwavi lakini nyuki akitua kwenye ua la mwembe analiwa vile vile. Ninachokipigania ni kitu kingine. Bustani ya mchicha na nyanya nyuma ya nyumba ikipigwa dawa kila wiki, vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, wanakufa na vunjajungu anakufa, ila jike la kidukari linazaa bila dume na watoto wanakua ndani ya siku chache tu, wakati vunjajungu anahitaji miezi kufika utu uzima. Kwa hiyo wanaorudi kwanza ni wale uliotaka kuwaua, na safari hii hawakuti wa kuwala, si yeye wala nyigu wala buibui. Nimeliona hili kwenye bustani nyingi sana na linaniuma, kwa sababu mwenye bustani anahitimisha kwamba dawa ilikuwa kidogo, anaongeza.

Akiingia ndani usimpige ufagio. Weka kijiti au daftari mbele yake, mguse taratibu kwa nyuma, atapanda mwenyewe, mtoe ukamweke kwenye mti. Usimvute mabawa wala usimbane tumbo. Na kama kijiti chenye ganda la mayai lazima ukikate, kikate kirefu, ukakifunge kwa uzi kwenye kichaka kingine usawa ule ule, upande ule ule uliokuwa juu ubaki juu, mbali na njia ya siafu na sisimizi.

Kitu kimoja zaidi maana kinaleta taharuki: ukimkuta kwenye beseni la maji na ametokwa na uzi mweusi mrefu unaojisokota kama nyoka, huo ni mnyoo aliyekuwa anaishi ndani yake, ndo uliomsukuma aende majini. Kwa binadamu haukai. Mwaga maji, osha beseni.

Ile nguzo ya bibi fundi aliipaka akaacha kiduara kuzunguka ganda. Wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili mjukuu akaja mbio jioni, nikakuta ganda linatoa tunutu, yaani watoto wa vunjajungu, wembamba kama punje ya mchele iliyokatwa katikati, kila mmoja ananing'inia kwenye uzi mwembamba kuliko wa buibui, anajivua ngozi ya kwanza pale pale hewani, anakunjua miguu, anapanda juu ya migongo ya wenzake. Nilihesabu mpaka 87 nikapotea. Sisimizi walishafika chini ya nguzo na walichukua wengi, siku zote inakuwa hivyo, kati ya wote hao wachache tu ndo wanakua. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kimya. Kesho yake asubuhi aliniita kwenye matuta yake ya mchicha akanyooshea kidole chini ya jani, na pale palikuwa na mmoja, hana hata sentimita moja, kashika kidukari kwa mikono yote miwili anatafuna.