Kitambi Si Hati ya Ajira

Kila ninapotoa mada kuhusu uzito wa mwili na ajira hapa Mombasa, hakosekani mtu wa kunyoosha mkono na kunifunza kwamba mwenye mawazo hukonda, na mwenye kitambi mambo yamemnyookea. Zamani nilikuwa nikitabasamu. Siku hizi huomba kwanza maji ya kunywa.

Imani hiyo ina wafuasi wenye nguvu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023, mwanauchumi Elisa Macchi aliwaonyesha maafisa wa mikopo wa Kampala picha zilizorekebishwa ili mtu yuleyule aonekane mwembamba au mnene, nao wakamwona mnene kuwa anastahili mkopo zaidi. Walipopewa taarifa zaidi za fedha zake, upendeleo huo ulipungua. Basi kitambi kilikuwa kikijaza pengo la taarifa, hakikuwa kikithibitisha utajiri.

Tena hofu ya kupoteza kazi huenda inanenepesha. Mwaka 2009 mwanauchumi Trenton Smith na wenzake walichambua takwimu za wanaume wa Marekani, wakaona kwamba katika miaka 12, kila uwezekano wa kukosa ajira ulipopanda kwa pointi moja ya asilimia, uzito uliongezeka kwa takriban robo kilo zaidi, na kila mapato ya mwaka yalipoporomoka kwa nusu, kwa kilo mbili na ushee.

Nikifika hapo huulizwa: mbona fulani alipofutwa kazi alikonda? Jamani, sizungumzii kibarua kilichokwisha kuota nyasi. Nazungumzia kibarua ambacho mwenyewe hajui kama kitaota nyasi mwezi ujao. Mchukulie karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mwenye mkataba wa miezi mitatu mitatu: mshahara anaupata, chakula anakimudu, ila haondoki mezani mchana asije akaonekana mzembe, kwa hiyo anaagiza viazi karai na chai ya maziwa yenye sukari tele, na usiku halali vizuri. Katika takwimu za ajira mtu huyu ni mwajiriwa kamili, na hofu yake haina safu ya kuandikwa. Uchunguzi wa watumishi wa serikali wa London uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba afya, kwa maelezo yao wenyewe, ilianza kuzorota wakati idara yao ikingoja kubinafsishwa, kabla ya mtu yeyote kupoteza kazi kwa sababu hiyo. Mwanauchumi Christopher Ruhm naye aliona uvutaji sigara na unene ukipungua Marekani uchumi unapodorora, na wengi hudhani hilo linampinga Smith. Halimpingi: Ruhm alipima msimu wa uchumi wa jimbo zima, Smith alipima hatari inayomkabili mtu mmoja.

Mashaka yangu yako kwingine. Maelezo kwamba hofu hunenepesha kwa sababu mwili hujiwekea akiba ya mafuta kama ndege wanaokabiliwa na uhaba yananivutia kupita kiasi, na ndiyo maana siyaamini sana. Huenda usingizi na sukari vinatosha. Isitoshe, kipimo cha kawaida cha unene, yaani kugawanya kilo kwa mraba wa urefu kwa mita, hakitofautishi misuli na mafuta, na mpakiaji wa magunia wa Shimanzi anaweza kuvuka 25, mpaka wa uzito uliozidi, kwa mabega yake tu. Dodoso la hapa Pwani lingepaswa kupima kiuno kwa futi kamba, na baada ya kuuliza "Unafanya kazi?" liulize pia, "Mwezi ujao utakuwa nayo?"