Vifaa vya Dirisha la Zamani la Kupandisha: Anza na Mizani

Dirisha la mbao la kupandisha na kushusha likianza kugoma, watu wengi hukimbilia kutafuta komeo na vishikio vipya, kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana. Lakini mzigo wote wa dirisha hilo hubebwa na vitu vilivyofichwa: makapi manne (magurudumu ya kupitishia kamba), kamba nne na vipande vinne vya uzani vinavyoning'inia ndani ya sanduku la fremu, viwili kwa kila shata (yaani kila moja ya sehemu mbili zenye kioo zinazopanda na kushuka, ya juu na ya chini). Hivyo vikikosewa, hata komeo zuri kuliko yote halitafunga vizuri. Ndiyo maana kabla ya kununua chochote unahitaji mizani ya kupimia shata.

Pima kila shata peke yake, likiwa na kioo, puti, rangi na vishikio vyake. Usidhani la juu na la chini yana uzito sawa, kwa sababu ubao wa chini kabisa wa shata la chini kwa kawaida ni mpana zaidi. Kwa shata la juu, jumla ya vipande viwili vya uzani izidi uzito wa shata kwa nusu kilo hadi kilo moja, ili shata libaki limesukumwa juu. Kwa shata la chini, jumla ipungue kwa kiasi hicho hicho, ili likae chini bila kuinuka lenyewe. Kwa mfano, shata la chini la kilo 9.6 linataka vipande vya kama kilo 4.5 kila upande. La juu lenye kilo 9 linataka kama kilo 4.8 kila upande. Vipande vya pande mbili za shata moja lazima vilingane, la sivyo shata hupanda likiwa limeinama na kukwama kwenye fito za fremu zinazoliongoza.

Hesabu hii huharibika zaidi pale kioo kinapobadilishwa. Kioo huwa na uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita moja ya mraba kwa kila milimita ya unene. Kioo cha milimita 3 chenye eneo la mita za mraba 0.56 kina kilo 4.2. Ukiweka badala yake kioo cha tabaka mbili za milimita 4, unapata kilo 11.2. Umeongeza kilo 7, yaani kilo 3.5 kwa kila kamba, na vipande vya zamani vya chuma havitaweza. Kuviongezea urefu si suluhisho la uhakika: kipande kirefu mno hugonga sakafu ya sanduku kabla shata halijafika juu. Hapo ndipo metali ya risasi inapohitajika, kwa kuwa katika nafasi ile ile ina uzito wa zaidi ya mara moja na nusu ya chuma cha kusubu. Ukiishika vaa glavu, na nawa mikono kabla ya kula. Kama hata risasi haitoshi katika nafasi iliyopo, basi kioo ulichochagua ni kizito kwa dirisha hilo, na ni afadhali kubadili kioo kuliko kulibomoa sanduku.

Makapi

Kapi la zamani la chuma cha kusubu au la shaba ya manjano mara nyingi bado ni zima. Kilicholigandisha ni rangi. Lisafishe kabla hujaamua kulitupa. Loweka usiku kucha katika maji ya moto yenye sabuni, ndani ya chombo ambacho hakitarudi jikoni kamwe, kisha ng'oa rangi ikiwa bado imelowa. Usiipige msasa ikiwa kavu. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi (Marekani ilipiga marufuku matumizi yake katika rangi za nyumba mwaka 1978), na vumbi lake ni hatari, hasa kwa watoto. Chuma kikitoka majini kikaushe papo hapo, maana kutu haichelewi. Tia tone moja la mafuta kwenye pini ya kati. Lisifike kwenye mfereji wa gurudumu, kwani mafuta yakiingia kwenye kamba ya pamba huvuta vumbi na kuichakaza.

Ikibidi kununua jipya, chukua vipimo vya bamba la mbele (urefu, upana, na kama pembe zake ni za mraba au za mviringo), kina cha mwili, na kipenyo cha gurudumu. Kipimo cha mwisho ndicho watu husahau. Gurudumu dogo kuliko la awali huiteremsha kamba karibu mno na ukuta wa sanduku, na kipande cha uzani husugua mbao kila dirisha linapofunguliwa. Ukisikia kitu kinakwaruza ndani ya fremu baada ya ukarabati, anza kushuku hapo. Epuka magurudumu ya plastiki kwa shata zito, kwa sababu hubonyea pale kamba inapokaa muda mrefu bila kusogea. Gurudumu la shaba lenye beringi ni jepesi kuzunguka, lakini kwa shata la kawaida pini safi yenye mafuta inatosha kabisa.

Kamba

Kwa mashata mengi ya nyumbani, kamba ya kusuka ya milimita 6 inafaa. Mashata mazito huhitaji milimita 8, mradi mfereji wa kapi uipokee. Kamba nene kuliko mfereji hupanda kingo na kulika. Pamba iliyotiwa nta ni chaguo la jadi na hufanya kazi vizuri. Kamba yenye kiini cha poliesta hudumu zaidi kwenye unyevu. Nailoni tupu haifai, kwa sababu hurefuka ikiwa na mzigo, na baada ya miezi michache shata la juu huanza kushuka. Mnyororo ni wa mashata mazito kweli, na unahitaji kapi lenye mfereji wa umbo lake. Kamba ya aina yoyote usiipake rangi. Rangi ikikauka huifanya ngumu, kisha huvunjika kila inapopinda juu ya gurudumu, na nyuzi hukatika hapo hapo.

Mahali pa kuifunga kwenye shata pana kipimo chake. Pima kutoka dari ya fremu hadi katikati ya gurudumu, kisha weka alama kwa umbali huo huo kutoka juu ya ubavu wa shata. Misumari yote iwe chini ya alama hiyo. Ikiwa juu yake, itafika kwenye kapi kabla shata halijapanda lote, na shata la juu halitafunga kamwe hata ukilisukuma kwa bega. Tumia misumari mifupi yenye vichwa bapa, iliyopakwa zinki, isiyozidi unene wa mbao iliyobaki kabla ya kioo. Kuhusu urefu wa kamba: shata likiwa juu kabisa, kipande cha uzani kibaki kama sentimita 5 juu ya sakafu ya sanduku, kwa sababu kamba mpya itarefuka kidogo. Shata likiwa chini kabisa, kipande kisiguse kapi.

Komeo, vishikio na skrubu

Komeo lina kazi mbili: kuzuia mtu wa nje, na kuvuta mbao mbili za katikati (ubao wa chini wa shata la juu na ubao wa juu wa shata la chini) zikutane bila mwanya. Aina yenye nundu ya mzunguko, ambayo ukiigeuza huvuta shata moja kwa jingine, huziba upepo na kelele kuliko ulimi unaoteleza tu. Dirisha lenye upana wa karibu mita moja au zaidi lipewe makomeo mawili, vinginevyo ncha za mbao hubaki wazi.

Kama nusu mbili za komeo hazikutani, usikimbilie kulipiga tupa. Tazama kwanza kama shata la juu limeshuka kwa sababu ya kamba iliyorefuka au uzani mdogo. Komeo likilazimishwa juu ya kosa hilo hung'oa skrubu zake.

Na skrubu zenyewe ziangalie kwa makini. Kwenye shata la chini, kioo kimeingia katika mfereji chini ya ule ubao wa katikati, na skrubu ndefu ya komeo ikipitiliza hukipasua. Ufa huo huanzia kwenye ukingo wa juu na mara nyingi hulaumiwa upepo. Pima unene wa ubao juu ya mfereji, kisha chagua skrubu fupi kuliko hapo kwa angalau milimita 3.

Shaba ya kweli na ya kudanganya hutofautishwa hivi. Sumaku ikinasa, ndani ni chuma. Isiponasa bado huenda ni aloi ya zinki iliyopakwa, kwa hiyo kwaruza upande wa nyuma: shaba ni ya manjano hadi ndani, zinki huonyesha kijivu. Aloi ya zinki huvunjika pale ilipo nyembamba, yaani kwenye ulimi wa komeo. Kwa mbao za mwaloni tumia skrubu za shaba au chuma cha pua, maana tanini (kemikali ya asili) iliyomo kwenye mbao hizo hukifanya chuma cha kawaida kuacha madoa meusi. Skrubu ya shaba ni laini na hukatika shingo. Toboa tundu, pitisha kwanza skrubu ya chuma ya ukubwa ule ule, itoe, kisha ingiza ya shaba ikiwa na nta kidogo.

Vishikio viwe viwili kwenye ubao wa chini wa shata la chini, kila kimoja kama robo ya upana kutoka ukingoni. Kusukumia kwenye fito nyembamba zinazogawa vioo hulegeza viungo. Kama kuna watoto, ongeza kizuizi kinachosimamisha dirisha kwenye mwanya usiozidi sentimita 10.

Komeo lifungwe mwisho, rangi ikiwa imekauka sawasawa. Kabla ya kulifunga, simamisha kila shata katikati ya safari yake na uliachie: likibaki pale pale, toboa matundu ya skrubu, likisogea, rudi kwenye mizani.