Je, wajua kwa nini leseni ya redio ya Tanga huishia Horohoro?

Abiria wa basi la Tanga kwenda Mombasa akivuka Horohoro na kuingia Lunga Lunga, simu yake huendelea kuita. Lakini kama ana redio ya ridhaa, ile ya watu wanaozungumza kwa mawimbi kwa kupenda tu, bila biashara, leseni yake ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, haimruhusu tena kurusha sauti. Ni lazima kwanza apate ruhusa ya Kenya.

Ajabu ni kwamba wimbi lenyewe halina mpaka. Sauti iliyorushwa kutoka Chumbageni, mjini Tanga, kwa megahezi 14 hupanda hadi ionosfia, tabaka la juu la anga, ikarudishwa chini na kusikika Ulaya. Mbona basi azuiwe mtu? Kwa sababu sheria haitazami sauti imefika wapi; hutazama antena imesimama wapi. Masafa ni mali ya nchi, na kila nchi huyagawa ijuavyo.

Mgawanyo huo ndio wenye mtego. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, limeigawa dunia kanda 3. Marekani iko kanda ya 2, na huko waredio wa ridhaa huruhusiwa kuanzia kilohezi 7000 hadi 7300. Sisi Afrika tuko kanda ya 1: mwisho wa waredio wa ridhaa ni 7200, kuanzia hapo ni masafa ya vituo vya utangazaji. Mgeni wa Kimarekani aliyefikia Raskazone, Tanga, akirusha kwenye 7250 kama alivyozoea kwao, amevamia shamba la mwenzake, hata kama leseni yake ni halali kabisa.

Ulaya walijirahisishia. Chini ya mpango wa CEPT, umoja wa mamlaka za mawasiliano za Ulaya, Mjerumani huingia Ufaransa na kurusha hadi miezi 3 bila kuomba. Hutanguliza F na mkwaju (/) mbele ya alama yake ya mwito, yaani herufi na namba zinazomtambulisha hewani. Tanzania haimo, kwa hiyo mgeni aombe TCRA mapema, na karatasi zake ziwe mkononi kabla mtambo haujafika forodhani. Alama za Tanzania huanza na 5H au 5I, za Kenya 5Y au 5Z, hivyo msikilizaji wa Japani hujua papo hapo sauti inatoka nchi gani. Natamani sana Afrika Mashariki nasi tutambuliane leseni hivyo.

Kuelekea Pemba mambo ni mengine. Bahari ni pana kuliko barabara ya Horohoro, lakini mawasiliano ni jambo la Muungano, na mamlaka ni TCRA ileile.