Tuna siku ngapi? Mtaji wa poka ya mtandaoni kwa hesabu za mgodini

Kabla sijawa mtu wa karata nilikuwa natunza daftari la mwenye mgodi mmoja wa tanzanite Mererani. Nilikuwa natoka Arusha kila Jumamosi na kalamu mbili na kikokotoo, nakaa chini ya turubai, naandika. Upande wa matumizi ulikuwa unajaa wenyewe: dizeli ya jenereta, baruti, unga, maharage, sigara za wanaapolo, wale wachimbaji wa shimoni. Upande wa mapato ulikaa mweupe miezi minne mfululizo. Na katika miezi hiyo Mzee hakuniuliza hata siku moja tuna shilingi ngapi. Swali lake lilikuwa hilohilo: "Kijana, tuna siku ngapi?"

Nilikuwa nagawanya salio kwa gharama ya siku moja ya mgodi kula na kuchimba, namjibu: arobaini na mbili, Mzee. Siku zikishuka chini ya thelathini alikuwa anapunguza watu shimoni. Zikipanda, anafungua njia nyingine. Basi.

Nimecheza mashindano ya poka mtandaoni kwa miaka sita sasa, na vijana wa Sakina na Ngarenaro hapa Arusha wananiuliza jambo moja tu: nianze na shilingi ngapi? Swali hilo lina kasoro palepale kwenye "shilingi ngapi". Mtaji wa mashindano unahesabiwa kwa viingilio, kama Mzee alivyohesabu siku. Mwenye dola 50 anayecheza mashindano ya senti 50 ana viingilio 100. Mwenye dola 500 anayecheza ya dola 50 ana viingilio kumi, na huyo wa pili ndiye maskini.

Ili uelewe kwa nini, tazama jinsi pesa inavyogawanywa. Chukua mashindano ya dola 1.10 yenye watu 1,000. Dola moja inaingia kwenye zawadi, senti kumi zinabaki kwa mwenye nyumba, yaani tovuti. Wanaolipwa ni kama watu 150. Wa mwisho kati yao anapata kama dola mbili, na wa kwanza anaweza kuondoka na dola 150 au zaidi. Sasa tuseme wewe ni mchezaji mwangalifu sana, unaingia kwenye malipo mara 15 katika kila mashindano 100, lakini kila mara unaishia mlangoni na dola zako mbili. Umetumia dola 110, umerudisha 30. Umecheza "vizuri" na umepoteza 80. Faida yote iko kwenye meza ya mwisho, ya wale wachache wanaobaki hadi mwisho, na meza ya mwisho huifikii kila wiki.

Hapo katikati ndipo penye ukame. Huyo anayelipwa mara 15 kwa 100 ana uwezekano wa karibu 4 kwa 100 wa kucheza mashindano 20 mfululizo bila kuona hata senti. Inaonekana ni jambo la nadra. Lakini akicheza mashindano 500, ambayo kwa mtu wa meza nne kwa mpigo ni kazi ya miezi michache, ategemee kukutana na ukame wa namna hiyo mara mbili au tatu. Na hapo hajakosea chochote. Ree mbili, jozi ya juu kabisa, zinazishinda K mbili mara 82 hivi kati ya 100, ndiyo, lakini ukilazimika kuzishinda mara tano ndipo ufike mbali, unavuka zote tano mara 37 tu kati ya 100. Karata ya tano, ile ya mwisho, ikigeuzwa mezani haiulizi nani alicheza vizuri.

Mererani kila mtu anamjua Saniniu Laizer, aliyeiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite Juni 2020, moja la kilo 9.27 na lingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.7. Kwenye poka, Laizer wetu ni Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee aliyeingia mtandaoni kwa kiingilio kisichofika dola 100, akashinda tiketi ya ubingwa wa dunia wa 2003 Las Vegas, akawapita wenzake 838 na kuchukua dola milioni 2.5. Habari zote mbili ni za kweli. Ila mimi nimekaa na daftari, najua mashimo mangapi yanafukiwa hayajatoa hata kokoto ya buluu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Chris mwingine, Chris Ferguson. Mwaka 2006 alijiwekea zoezi la kuanza na dola sifuri na kufika 10,000 bila kuweka hata senti yake ya mfukoni. Alianza na mashindano ya bure, yale yenye maelfu ya watu wanaogombania dola chache. Akishapata kitu, sheria yake kwenye mashindano ya meza nyingi ilikuwa asiweke zaidi ya asilimia 2 ya mtaji kwenye kiingilio kimoja, isipokuwa kwenye yale ya dola moja kushuka chini. Ilimchukua zaidi ya mwaka, naye tayari alikuwa bingwa wa dunia wa mwaka 2000. Asilimia 2 ni viingilio 50. Mimi naona kwa mashindano ya leo yenye umati mkubwa hiyo ni kidogo. Natumia 100, na kwa mashindano yenye watu elfu kadhaa hata 150.

Kuna mkia kwenye hadithi hiyo. Zoezi lile alilifanyia Full Tilt, tovuti aliyokuwa mmoja wa waanzilishi wake. Mwaka 2011 ilifungwa, na wachezaji wakakuta akaunti zina tarakimu lakini pesa hakuna. Wamarekani walianza kurudishiwa mwaka 2014. Kwa hiyo mtaji wangu haukai mahali pamoja, na sehemu kubwa iko kwenye laini ya pili ya simu ambayo hata mke wangu anaijua kwa jina la "laini ya mgodi". Kodi ya nyumba na ada ya shule hazijawahi kuikanyaga. Na kabla ya kuweka pesa popote angalia leseni; kwa hapa nchini inatolewa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na kama hujafika miaka 18 funga ukurasa huu ukasome.

Kupanda ngazi ni rahisi kueleza. Nikiwa na viingilio 100 vya ngazi ya juu, napanda. Nikibaki na 60 vya ngazi niliyopo, nashuka usiku huohuo, sisubiri kesho. Kushuka ndiko kunakowashinda watu. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na dola 212, nimezijenga kutoka ishirini kwa miezi tisa. Nikashinda nafasi ya pili kwenye mashindano madogo, kichwa kikavimba, Jumapili nikaingia ya dola 55. Nikatoka mapema. Nikaingia tena, maana siku hizi wanakuruhusu kununua upya ukitolewa, na hapo ndipo watu wanaposahau kwamba kila kuingia tena ni kiingilio kamili. Wiki iliyofuata mara mbili nyingine. Toa 55 mara nne kwenye 212 uone: ya mwisho ilibidi nikope dola nane kwa rafiki. Kama Mzee angeniuliza siku ile tuna siku ngapi, jibu la kweli kabla sijaingia ya kwanza lilikuwa tatu na kitu.

Gharama nyingine haziandikwi na mtu. Mashindano makubwa ya Jumapili yanapangwa kwa saa za Ulaya, kwetu yanaanza saa tatu au saa nne usiku. Ukifika mbali, unafika na daladala za kwanza za Jumatatu. Kuna usiku tumebaki watu 27, saa tisa, nina chipu, zile za kuwekea dau, nyingi kuliko wote mezani, umeme ukakatika. Nikawasha intaneti ya simu, bando nalo likanikumbusha kwamba lilikuwa la saa 24 na lilianza jana yake. Huku nikihangaika kununua jingine, kule mezani nagawiwa karata, zinatupwa, chipu zinakatwa kwa dau za lazima mzunguko baada ya mzunguko. Niliporudi nilikuwa na robo. Nikamaliza wa 19. Tangu hapo betri ya akiba na laini ya mtandao mwingine viko kwenye daftari, upande wa matumizi, pamoja na makato ya kuweka na kutoa pesa.

Tuseme mambo yakaenda vizuri: unapata faida ya asilimia 20 juu ya viingilio, ambayo si ya kubeza. Mashindano 500 ya dola 1.10 ni dola 550, faida 110. Kwa dola moja kuwa shilingi 2,500 hiyo ni 275,000. Kwa meza nne kwa wakati mmoja, kila mashindano yakikuchukua wastani wa saa mbili, umekaa saa 250. Ni shilingi 1,100 kwa saa. Bodaboda wa Kilombero atakucheka. Kwenye ngazi za chini unanunua uzoefu na viingilio vya ngazi inayofuata, na kama unahitaji kula kutoka kwenye mtaji huo sasa hivi, usianze kabisa. Na kama baada ya mashindano elfu mbili daftari bado linasoma hasi, mtaji mkubwa utakuchelewesha kufilisika tu.

Wanaapolo hawana mshahara. Wanalishwa, na jiwe likitoka wanagawana asilimia na mwenye mgodi. Wachezaji wengi wa ngazi za juu wanaishi hivyohivyo: mtu mwingine anaweka viingilio, faida wanagawana. Nimewahi kumuuzia shemeji yangu nusu ya kiti changu, na tukaandikiana kabla karata hazijagawiwa, maana baada ya ushindi kumbukumbu za watu hubadilika.

Leo asubuhi mtaji wangu ni dola 358. Jumapili hii kuna mashindano ya dola 11 yenye zawadi nzuri, na shemeji amenipigia mara mbili kuuliza kama naingia. Ni viingilio 32. Nimemwambia nacheza ya dola 2.20, huko tuna siku mia moja sitini na mbili.